Kinundu Mgongoni mwa Kobe

Pale hospitalini si wengi waliomjua kwa sura. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini kabisa, mwisho wa korido, ukishapita stoo ya mashuka. Wagonjwa wenyewe hawakufika huko. Vilifika vipande vyao tu, vikielea kwenye vichupa vya fomalini, dawa ya kuvizuia visioze, na yeye ndiye aliyevisoma chini ya hadubini na kusema hiki ni ugonjwa gani, au si ugonjwa. Kwa kuwa alishinda kutwa nzima ameinamia vile vioo vyembamba vinavyobandikwa nyama, wenzake walimwita Mama Vioo, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake.

Asubuhi moja Profesa aliingia na trei mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa idara, na ndiye aliyemfundisha kazi tangu siku ambazo Mama Vioo alikuwa hajui hata kurekebisha lenzi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Nakuletea kazi ya dakika mbili. Mtoto wa miezi saba, melanoma. Nimeshaandika. Weka sahihi yako tuwaachie wa upasuaji."

Ulikuwa utaratibu wa idara yao kwamba saratani yoyote ya mtoto isitoke pale bila sahihi za madaktari wawili. Mara nyingi sahihi ya pili ilikuwa ya kufuatia ya kwanza tu. Lakini Mama Vioo hakuwahi kutia sahihi kitu asichokiona kwa macho yake. Akavuta kiti, akaweka kioo chini ya lenzi, akasoma maelezo kwanza: mtoto wa kike, amezaliwa na baka jeusi lililotanda kuanzia mabegani hadi kiunoni, na sasa katikati ya baka hilo kimeota kinundu cha ukubwa wa harage.

Akainama kuangalia, na moyo ukampiga paa.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zilikuwa kubwa kupita kiasi, viini vyake vimevimba, na nyingine zilikuwa zimepanda hadi tabaka la juu la ngozi, zimetapakaa huko kama wageni waliokosa viti. Kwa ngozi ya mtu mzima, asingehitaji kuona zaidi. Melanoma, saratani ya seli hizo za rangi, ndivyo inavyofanya: inapanda, inatawanyika, haina adabu.

Lakini huyu hakuwa mtu mzima. Mabaka ya kuzaliwa nayo yana vituko vyake. Katika miezi ya mwanzo seli zake zinaweza kupanda juu kwa fujo zikamtisha msomaji roho imtoke, kumbe huko chini zimetulia zimelala. Anayetaka kujua ukweli lazima ashuke nazo: atazame kama kadiri zinavyozama ndani zinazidi kuwa ndogo na tulivu, kama zinapita kwa upole kando ya mashina ya nywele na tezi za jasho, au zinabomoa kila kinachokaa mbele yake. Na kipande hiki hakikuwa na chini. Aliyekikata alipitisha wembe juu juu, kama mtu anayemenya kiazi.

"Profesa, siweki sahihi," alisema, macho yangali kwenye lenzi.

"Kwa nini? Huoni zilivyopanda?"

"Naziona. Nisichoona ni zinakoishia."

"Kwa hiyo unasema si saratani?"

"Sijasema hivyo. Nasema sijui. Na wewe, Profesa, samahani sana, kwa kipande hiki hata wewe hujui."

Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Mtoto amepangiwa upasuaji wiki hii. Wanaondoa sehemu kubwa ya ngozi ya mgongo, wanatoa ngozi mapajani kuziba. Baadaye dawa kali. Tukiwachelewesha na ikawa ndiyo, utabeba wewe?"

"Nitabeba."

"Haya," alisema Profesa. "Kamwambie daktari wa upasuaji mwenyewe. Mimi simo."

Akatoka, trei akaiacha mezani.

Mama Vioo alimkuta daktari wa upasuaji kwenye sinki la kunawia, mikono imejaa povu mpaka viwiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno na mwepesi wa kisu, na wauguzi walimwita Kata Tuone, ingawa si mbele yake.

"Nataka kipande kingine," Mama Vioo alimwambia. "Kirefu cha kwenda chini, mpaka kwenye mafuta. Na kiwe na kinundu pamoja na baka la kawaida pembeni yake, vyote ndani ya kipande kimoja."

"Umeshuka kutoka mwezini? Profesa ameshasema melanoma."

"Profesa amesema. Mimi bado."

"Dada yangu, huyo mtoto ninamlaza Alhamisi niufungue mgongo wake. Sasa unataka nimlaze kesho kwa kipande, halafu nisubiri wewe uchungulie kioo?"

"Ndiyo."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, utamfungua mgongo wiki ijayo badala ya wiki hii. Ni hasara, sikatai, na nitasimama mbele ya wazazi wake niseme ni mimi. Lakini ukishamchuna, siwezi kukupigia simu nikwambie urudishe."

Kata Tuone alisuuza mikono taratibu. Maji yalipokwisha kuchuruzika, akasema, "Mimi kukata nakata. Lakini wale wazazi tumeshawachanganya vya kutosha. Kawaambie mwenyewe kwa nini tunambadilishia mtoto wao siku."

Hapo Mama Vioo alisita. Kwa miaka yote ya kazi yake alizungumza na vioo, na vioo havilii. Lakini alikuwa ameshasema atasimama mbele ya wazazi. Akapiga moyo konde, akapanda ngazi kwenda wodi ya watoto.

Aliwakuta kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Mama mtu, msusi wa nywele mwenye vidole vyembamba, alikuwa amempakata mtoto kifudifudi mapajani, mgongo wazi, akimpepea kwa kipande cha boksi. Baba mtu, fundi wa kuchomelea vyuma, alisimama na mikono nyuma kama mtu aliyeitwa kituoni. Baka lenyewe lilikuwa zito, jeusi ti, lenye vinyweleo laini, na kweli lilimkaa yule mtoto mgongoni kama gamba. Shangazi yake alipomwona siku ya kwanza alisema, "Jamani, huyu kaja na nyumba yake!" Tangu hapo wote walimwita Kobe.

"Mimi ndiye ninayesoma vipande," Mama Vioo alianza. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Kile kilichokatwa mgongoni kwa Kobe nimekisoma leo."

Mama mtu aliacha kupepea. "Basi wewe ndiye uliyesema ana kansa?"

"Hapana. Mimi nimesema sijaona vya kutosha."

Baba mtu akageuka mzima mzima. "Ngoja kidogo, dokta. Juzi tumeambiwa inaelekea ndiyo yenyewe. Mke wangu hajala tangu juzi. Leo unakuja unasema hamjaona vya kutosha? Sasa juzi mlikuwa mnaona nini?"

"Una haki ya kukasirika, baba."

"Sitaki haki ya kukasirika. Nataka kujua mwanangu ana nini!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza shingo. Mama Vioo aliketi ukingoni mwa kitanda, akaongea kwa sauti ya chini.

"Wewe unaunga vyuma. Ukiletewa geti lina ufa, ukautazama kwa juu tu, unaweza kujua kama ufa umeingia mpaka ndani ya chuma au ni rangi iliyopasuka?"

Yule baba alimtazama. "Mpaka uikwangue."

"Kipande tulichonacho ni cha rangi ya juu. Kinatisha, sikufichi. Lakini mabaka ya kuzaliwa huwa yanatisha hivyohivyo kwa juu bila kuwa kansa. Nataka kukwangua. Inabidi alazwe tena usingizi kidogo, akatwe kipande kimoja kirefu. Halafu mnipe siku chache. Inawezekana nikarudi hapa nikawaambia ni kansa kweli, na kwamba tumechelewa siku hizo. Hilo nalo mlijue kabla hamjakubali."

Baba mtu alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia.

"Ungekuwa wako?"

Swali hilo lilimkuta Mama Vioo pabaya. Hakutaka kulijibu kwa urahisi. Alimtazama Kobe, ambaye wakati wote huo alikuwa ameshika kidole cha mama yake anakitafuna kwa ufizi, hana habari na mtu.

"Angekuwa wangu ningeogopa kama wewe," alisema. "Na ningeng'ang'ania wakwangue."

Mama mtu akamgeuza mtoto, akamfunika. "Wakate," alisema. "Lakini usome wewe. Usimpe mtu mwingine."

Kipande kilipofika maabara, Mama Vioo alikipokea mwenyewe mlangoni. Fundi wa maabara aliyekuwa akikata nyama zilizogandishwa kwenye nta aliitwa Wembe, mtu wa makamo mwenye utani usioisha, na mikono yake ilikuwa haitikisiki hata ukimpigia ngoma sikioni.

"Nasikia huyu ndiye aliyekugombanisha na mzee," alisema.

"Hatujagombana. Tumepishana. Wembe, nisikilize. Ukikilaza kwenye nta, kilaze ubavu. Nataka juu na chini, kinundu na jirani yake, vyote nivione kwenye kioo kimoja."

"Wewe unataka nyumba nzima na uwanja wake."

"Na shimo la choo."

Wembe akacheka, lakini alipoanza kukata hakucheka tena. Alikata tabaka jembamba kuliko karatasi ya sigara, akaliweka lielee kwenye maji ya vuguvugu, akalibeba kwa kioo bila kulikunja. Kesho yake vioo vilikuwa mezani, vimetiwa rangi ya waridi na zambarau.

Mama Vioo alifunga mlango. Akaanzia mbali, kwenye baka la kawaida. Huko seli zilikuwa ndogo, za mviringo, zimejipanga katikati ya nyuzi za ngozi bila kusumbua mtu; zilizunguka mashina ya nywele, zikashuka hadi kwenye mafuta, kadiri zinavyoshuka ndivyo zinavyopungua ukubwa. Vizuri. Akasogeza kioo taratibu kuelekea kwenye kinundu, akitafuta mpaka. Saratani inayoota ndani ya baka kwa kawaida huweka mpaka mkali: huku watu wa zamani, huku wavamizi. Akasogeza, akasogeza, akajikuta yuko katikati ya kinundu bila kujua ameingia saa ngapi.

Akarudi nyuma, akaanza upya. Mara ya pili ilikuwa vilevile. Seli ndogo zilikua kidogo kidogo mpaka zikawa kubwa, bila ukuta wala fujo. Hakuona sehemu iliyokufa na kuoza. Tezi za jasho zilikuwa nzima.

Alikuwa ameanza kushusha pumzi alipoiona seli inayojigawa. Pembeni yake ikawepo nyingine. Hatua chache juu, ya tatu.

Seli zinazojigawa ndizo alizokuwa akiziogopa. Mtoto anakua, na seli za mtoto hujigawa, hilo alilijua. Lakini ngapi ni nyingi? Angeweza kujiambia ni chache, akaandika alichotaka kuandika. Alijijua kwamba sasa alikuwa anataka jibu fulani, na hilo lilimtia hofu kuliko zile seli. Akasimama, akanawa uso, akarudi.

Kulikuwa na rangi moja maalumu inayoshika seli zilizo katika harakati za kujigawa tu na kuzigeuza kahawia, nyingine zote zikabaki buluu. Kwa rangi hiyo asingehitaji kubahatisha. Alimwendea Wembe.

"Imeisha," Wembe alisema. "Tuliagiza, haijaja."

"Nani anayo?"

"Hospitali ya ng'ambo ya mji. Lakini wale hawatoi, mama. Wale hata chumvi hawakupi."

Mama Vioo alichukua vioo vyenye nyama isiyotiwa rangi, akavifunga kwa pamba ndani ya kasha, akavua koti, akatoka. Kwenye maabara ya hospitali ile aliambiwa mkuu yuko kikaoni. Akasema atamsubiri. Akaambiwa kikao ni kirefu. Akasema yeye naye ana muda mrefu. Akaketi kwenye benchi mbele ya mlango, kasha magotini, akimsalimu kwa heshima kila aliyepita, mpaka wakaanza kuona aibu. Mkuu alipotoka na kuelezwa ni mtoto wa miezi saba, alikuna kidevu, akasema, "Mngesema ni mtoto tangu mwanzo," na akavipokea vioo kwa mkono wake mwenyewe.

Siku iliyofuata Mama Vioo alivichukua vikiwa vimetiwa rangi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa. Hakuwa amevitazama. Alitaka watazame pamoja.

Profesa alikuwa na hadubini yenye vichwa viwili, ile aliyofundishia. Alimtazama mwanafunzi wake wa zamani, akalitazama kasha, akasogeza kiti cha pili.

Walianza na vioo vya Wembe. Profesa alishika usukani mwenyewe, akapita kwenye baka polepole, akaingia kwenye kinundu, akarudi nyuma kama Mama Vioo alivyorudi.

"Mpaka uko wapi?" aliuliza.

"Sijauona."

"Hmm." Akasogeza juu. "Na hizi hapa? Hizi zinajigawa. Moja, mbili, hii ya tatu. Hizi hukuziona?"

"Nimeziona. Ndizo zilizonipeleka ng'ambo ya mji."

Akabadilisha kioo. Wote wawili waliinama. Uwanja mzima ulikuwa buluu, buluu tulivu, na ndani yake doa la kahawia hapa, jingine kule. Katikati ya kinundu yalikuwepo machache yaliyokaribiana. Profesa akashuka. Yakapungua. Akashuka zaidi, mpaka karibu na mafuta, na huko hakukuwa na hata moja.

Kisha Profesa akafanya jambo ambalo hakulitarajia: akatoa kile kioo cha kwanza kabisa, kile cha juu juu, akakiweka tena, akakitazama upya kana kwamba hajawahi kukiona.

"Hata leo ningesema vilevile kwa hiki," alisema. "Kinadanganya sawasawa."

"Hata mimi kilinishtua, Profesa."

"Ila wewe uliuliza kilichobaki chini." Akavuta kalamu. "Ni baka la kuzaliwa, na hiki ni kinundu chake, kimeota ndani yake, si saratani. Naandika hivyo, na utasaini. Lakini naongeza sharti, na hapa hunishindi: mtoto apigwe picha, aonekane kila mwezi, na kinundu kikikua hata kidogo kitolewe chote na kije hapa. Mabaka makubwa kama haya hayaaminiki maisha yote."

"Sikushindi hapo. Ningekuomba mimi."

Sahihi ya kwanza ikawekwa, na ya pili ikafuata.

Kata Tuone aliposoma majibu alisema tu, "Nimepata Alhamisi ya mapumziko," lakini alipanda wodini pamoja na Mama Vioo, na alikuwa wa kwanza kumpiga baba mtu kofi la bega. Yule fundi alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, akaficha uso kwa mikono yake yenye makovu ya cheche. Mkewe hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, habari njema na lile sharti, kisha akasema, "Nataka kuona."

"Kuona nini, mama?"

"Hivyo vioo. Nimekesha navyo, nataka kuviona."

Wakashuka naye hadi ghorofa ya chini, Kobe mgongoni. Mama Vioo alimrekebishia lenzi, akamwonyesha pa kuweka jicho. Msusi aliangalia kwa utulivu wa mtu aliyezoea kazi ndogondogo.

"Zimejipanga," alisema.

"Zimejipanga, ndiyo."

"Na zingekuwa ile nyingine?"

Mama Vioo alifungua kabati, akatoa kioo cha kufundishia, melanoma ya mtu mzima. Yule mama alitazama na hakukaa sana. Aliinua kichwa, akamvuta mtoto kutoka mgongoni, akamweka kifuani.

"Sasa nimejua ninachokilinda," alisema. "Nirudishie za mwanangu nizione tena."

Miezi ikapita. Kila mwezi picha zilipigwa, na kila mwezi Kata Tuone alipima kinundu kwa rula ndogo na kuinong'ona namba yake. Kwanza kilibaki vilevile. Baadaye kikaanza kulegea, kikanywea, mpaka ikabidi mtu apapase kwa kidole ndipo akione. Kobe mwenyewe alikuwa ameshaanza kutambaa, na kumshika apimwe ikawa kazi ya watu wawili.

Siku moja ya kupimwa Mama Vioo alikuwepo kliniki. Siku hizi alikuwa akipanda juu mara kwa mara, na wauguzi walishaanza kumjua kwa sura. Kata Tuone aliweka rula mfukoni.

"Mama Kobe, mambo ni mazuri. Mwezi ujao msije. Mje baada ya miezi mitatu."

"Nitamleta mwezi ujao," alisema mama mtu, akimvalisha mtoto.

"Hakuna haja, mama. Miezi mitatu inatosha."

"Nimesikia, dokta." Akafunga kifungo cha mwisho, akambeba mtoto, akachukua mkoba. "Nitamleta mwezi ujao."

Kata Tuone alimgeukia Mama Vioo kutafuta msaada. Mama Vioo alikuwa ameshafungua daftari la kliniki, anamwandikia tarehe ya mwezi ujao.